Daftari ya kilio haiulizi kabila
Mazungumzo ya redio juu ya amani, kama yalivyosomwa hewani kwa wasikilizaji wa Likasi

   

Leo ni siku ya posho. Wageni wanaotoka Tanzania hutucheka wakisikia tunaita Jumamosi kwa jina hilo, lakini sisi watu wa Katanga tunajua limetoka wapi. Ni siku ambayo kampuni ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake unga na chakula kingine cha juma. Babu alipanga mstari na mfuko wake, na bibi akangoja nyumbani na nyungu yake. Kampuni ile haiko tena, posho yenyewe haiko tena, jina la siku limebaki. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu siku ya posho ndiyo siku ambayo watu wa avenyu zetu wanakutana, na barua tunayoijibu leo imetoka katika mkutano wa namna hiyo.

Barua imetoka Kikula. Aliyeiandika ni mama, na ametuomba tusitaje jina lake wala jina la avenyu yake. Anasema kwamba avenyu yao ina daftari ya kilio. Munajua daftari hiyo, maana ziko nyingi mjini. Kila lupango imeandikwa humo. Mtu akifa katika lupango moja, malupango mengine yote yanatoa kiasi kilekile cha franga, na mama wanaleta unga, makala na maji. Vijana wanakwenda kuazima viti na turubai. Hakuna anayelipwa. Ni kazi ya hiari, na imedumu tangu wazazi wao.

Sasa katika avenyu hiyo ilihamia familia moja iliyotoka Kasai. Walipanga chumba kimoja nyuma ya lupango. Juma la pili baada ya kufika, mtoto wao mdogo akafa. Watu wakakutana, daftari ikafunguliwa, na avenyu ikagawanyika vipande viwili. Upande mmoja ulisema: hawa hawajatoa hata franga moja, hawamo katika daftari, tukiwapa leo kesho nani atakubali kuchanga? Upande wa pili ulisema: mtoto amekwisha kufa, tutazungumza sheria baadaye. Halafu mzee mmoja akatamka kwamba wale ni watu wa gari moshi tu, walishuka jana, kesho watapanda tena. Mama anasema neno hilo liliponena gari moshi, watu wote walinyamaza. Hata wale waliokuwa upande wa mzee walitazama chini.

Anatuuliza: nani alikuwa na haki?

Mama yangu, nimesoma barua yako mara nyingi. Nitakujibu polepole, maana hapo kuna maneno mawili ambayo yamefungwa katika kamba moja, na inafaa tuyafungue.

Neno la kwanza ni lile la daftari. Yule anayesema kwamba asiyechanga asipewe, tusimwite mtu mbaya. Kilio ni mzigo. Ni jeneza, ni gari la kupeleka maiti kaburini, ni bukari ya watu wanaolala pale usiku mbili au tatu. Katika mji ambao mshahara umekuwa jambo la bahati, kila anayeweka franga zake ndani ya daftari anazitoa kwenye sahani ya watoto wake. Anaweka kwa sababu anaamini siku yake ikifika atapewa. Imani hiyo ikivunjika, daftari inakufa. Ni vilevile na likilimba: ukila zamu yako halafu ukakimbia, umewaibia wote. Basi mtu anayelinda sheria ya daftari analinda kitu cha kweli. Msimtukane.

Neno la pili ni lile la gari moshi. Hilo ni jambo lingine kabisa, na ndilo lililowafanya munyamaze.

Wapenzi wasikilizaji, nani katika Likasi hakushuka kwenye gari moshi? Tuwape heshima yao Wasanga, maana udongo huu ni wao, na walikuwa wanayeyusha shaba na kutengeneza misalaba yake zamani sana kabla Mzungu hajaiona. Lakini sisi wengine? Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika upande wetu wa Likasi na Kambove mwaka 1913, ikitoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kampuni ilitafuta mikono kila mahali: Rhodesia ya Kaskazini, Luapula, Lomami, Kasai, hata Ruanda na Urundi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaona kwamba kuajiri watu kwa miezi michache na kuwarudisha ni hasara, ikaanza kuwaacha walete wake na kuzaa watoto kambini. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ikamaliza kupita Kasai mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya sasa, na gari moshi likaleta watu zaidi. Hivyo ndivyo ulivyojaa mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Babu yake yule mzee wa Kikula, kama si Msanga, alishuka na kifurushi chake kama familia ile. Tofauti ni tarehe tu.

Na tazameni jambo moja ambalo watu wanalisahau. Katika kambi za kampuni, kule Panda na Shituru, watu hawakuhitaji sana daftari. Kampuni ilijenga nyumba, ikafagia mifereji, ikaleta dawa, ikafungua shule, na shefu wa kambi alitembea kuangalia kama lupango yako ni safi. Tuliiita kampuni baba na mama. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 2001, ambacho jina lake linasema kwamba watoto wa Shaba wameachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Lakini Kikula haikuwa kambi. Ilikuwa sité ya watu, na mwenye kisima chake alikichimba mwenyewe pamoja na jirani. Kusaidiana kwa avenyu kulizaliwa huko, kati ya watu wasiokuwa na baba tajiri. Shaba ya Gécamines ilipoporomoka, kutoka tani karibu 476,000 mwaka 1986 mpaka chini ya tani 50,000 mwaka 1994, watu wa kambi walikuja kujifunza kutoka kwa watu wa sité namna ya kuishi bila posho. Nasema hivyo nikijua kwamba wengine wa Panda watanikasirikia. Wasamehe.

Tuseme pia kwamba neno hiari limechafuliwa sana kwetu. Wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, tuliambiwa tufanye salongo, kazi ya wote kwa faida ya wote, na asiyetoka na jembe alitozwa faini au alifungwa. Hiari gani yenye faini? Halafu mwaka 2003 Gécamines, kwa pesa za Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi 10,655 katika mpango ulioitwa kwa Kifaransa départs volontaires, kuondoka kwa hiari. Watu waliokuwa hawajaona mshahara miezi mingi walitia sahihi. Baba wengi wa Likasi, ukiwatajia volontaire, wanacheka kicheko kisicho cha furaha. Basi kijana akikuambia hataki kazi ya hiari, usimgombeze haraka. Muulize kwanza amefundishwa nini juu ya neno hilo.

Sasa nirudi kwenye gari moshi, maana nimelizunguka kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa.

Kabla ya uhuru watu wa miji yetu walikuwa na vyama vya kusaidiana kwa kabila. Vilizika wafu, vilipokea wageni wa kijijini, vilituma pesa kwa wazee. Vilikuwa vizuri. Mwaka 1957 Wabelgiji wakafanya uchaguzi wa kwanza wa komini katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, na mara ile swali likageuka. Halikuwa tena nani atamzika ndugu yetu. Likawa nani atatawala, mwenyeji au mgeni. Mwaka 1958 Conakat iliundwa kwa kuunganisha vyama vya namna ile. Balubakat ilikuwa na watu wake, Fegebaceka ya Wakasai ilikuwa na watu wake. Sanduku lililochangwa kwa ajili ya jeneza likaingia siasa. Sisemi vyama vya kabila vifungwe leo. Mimi mwenyewe ninachanga katika kimoja. Nasema tu kwamba havikuweza kutulinda siku ilipofika, kwa sababu kila kimoja kiliwajua watu wake peke yao.

Siku hiyo ilifika mwaka 1992. Tarehe 15 Agosti Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, Mkatanga. Hapa kwetu vijana wa chama cha UFERI, walioitwa JUFERI, walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba Wakasai ni bilulu, yaani wadudu. Katika Agosti na Septemba ile nyumba za Likasi zilichomwa na kuporwa, watu waliuawa, na makumi ya maelfu ya Wakasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa na wasioijua Kasai, walikimbilia shule na stesheni ya gari moshi. Walilala pale majuma, wengine miezi. Magonjwa yaliua watoto. Makanisa na Médecins Sans Frontières walisaidia walivyoweza. Halafu mabehewa yaliwachukua kuelekea Mwene-Ditu na Kananga, na wengine walifia njiani.

Mimi nilikuwa kijana. Jirani zetu wa lupango ya pili walikuwa Wakasai. Mama yao ndiye aliyemkata mdogo wangu kitovu, na baba yao alishika daftari ya kilio ya avenyu yetu kwa miaka mingi, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Walipokwenda stesheni, mama yangu alipika bukari na sombe akatutuma, mimi na yaya wangu, tuwapelekee. Siku ya kwanza tulikwenda. Siku ya pili tulikwenda. Siku ya tatu tulipofika kwenye kona, vijana watatu walitusimamisha wakauliza nyungu hiyo ni ya nani. Vijana wale tuliwajua. Mmoja alisoma darasa moja na mimi. Yaya akasema ni ya shangazi yetu mgonjwa. Wakatuacha. Tulifikisha chakula, tukaiacha nyungu kule kwa sababu tuliogopa kurudi nayo.

Siku ya nne hatukwenda. Mama alisema tupumzike. Siku ya tano hatukwenda. Hakuna aliyetukataza tena, tulijikataza wenyewe. Baada ya majuma mawili hivi sista mmoja aliyekuwa akihudumia wagonjwa stesheni alipita kwetu. Alileta nyungu. Ilikuwa imeoshwa vizuri, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa, katika mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya shida. Hakukuwa na ujumbe wowote. Mama yangu aliishika, akakaa chini. Hakupikia tena ndani yake.

Na daftari ya avenyu? Ilibaki mezani mwa jirani yetu, na nyumba yake iliporwa. Karatasi zake ziliuzwa sokoni kufungia karanga. Avenyu yetu ilikaa miaka bila daftari, si kwa kukosa karatasi. Tulishindwa kutazamana. Mtu aliyechukua kitanda cha jirani na mtu aliyemwona akikichukua hawawezi kuchanga pamoja kwa urahisi. Watu walianza kuzika kwa kabila, kila mmoja na wake. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, baadhi ya waliofukuzwa wakarudi, na mama fulani wawili wa avenyu, mmoja Mbemba na mmoja Mkasai aliyerudi, wakanunua daftari mpya. Hawakuitisha mkutano. Walipita lupango kwa lupango.

Wako watu katika Likasi waliofanya zaidi ya sisi. Wako waliowaficha jirani zao chumbani, wako waliokaa mlangoni wakiwaambia vijana waanze na wao kwanza, wako waliotunza funguo na karatasi za nyumba mpaka wenyewe waliporudi. Ukiwauliza kwa nini, hawakupi hotuba. Wanasema: tulikula naye, tulizika naye. Ndiyo sababu siwezi kuikubali ile fikira kwamba daftari ya avenyu ni mambo madogo ya wamama. Ilikuwa kamba, na katika malupango kadhaa haikukatika.

Lakini pia tusijisifu kwamba umoja ni mzuri siku zote. Ng'ambo ya mashariki, Rwanda, walikuwa na umuganda, kazi ya pamoja ya kila kilima. Mwaka 1994 wakubwa wabaya walitumia mazoea yaleyale, mwito uleule wa kutoka wote, na neno lilelile la kazi, kwa kuua. Leo Rwanda wameurudisha umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa kufagia na kujenga. Mikono ni ileile. Kinachofaa kuulizwa kila mara ni hiki: nani ameachwa nje ya orodha, na ameachwa kwa sababu gani?

Kwa hiyo, mama wa Kikula, nakuja kwa jibu.

Mtoto yule avenyu ilipaswa kumzika. Si kwa kuvunja sheria ya daftari, bali kwa kuongeza mstari ndani yake. Avenyu nyingi zinafanya hivi, na inakwenda vizuri: lupango ikipata mpangaji mpya, mwenye lupango anamleta siku ya posho inayofuata, anaandikwa, na kilio chake cha kwanza kinahesabiwa kama deni. Anapewa sasa, halafu anatoa kwa wengine. Akiondoka bila kulipa, hasara inagawanywa kwa wote, na ukweli ni kwamba hasara hiyo ni ndogo. Fanyeni hesabu wenyewe: malupango thelathini yakimpoteza mmoja aliyekimbia, kila moja imepoteza kiasi gani?

Andikeni kwa namba ya lupango. Msiandike kabila, hata katika kichwa cha karatasi, hata kwa kalamu ya risasi. Na daftari isikae kwa mtu mmoja miaka yote. Iwe mbili, katika nyumba mbili ambazo si za ukoo mmoja. Sisi tulikuwa na moja, nimewaambia ilikwenda wapi.

Msingoje kifo ndipo mujuane. Mvua zikikaribia, mfereji wa avenyu unataka majembe na mabeleshi. Familia mpya iitwe kwenye mfereji kabla ya kuitwa kwenye mchango, maana mgeni asiye na franga ana mikono, na mtu aliyechimba mfereji pamoja nawe hawezi kuitwa mtu wa jana. Mwanzo wa mwaka 2008 kipindupindu kilipoingia Likasi na Lubumbashi, kilipita kwenye maji machafu bila kuuliza mtu alizaliwa wapi.

Na yule mzee? Usimwaibishe mbele ya watu. Tangu vita vya Kamuina Nsapu vilipoanza Kasai mwaka 2016, watu wengi wamekuja kutafuta maisha katika miji ya Katanga, na wazee wengi wana hofu ya kweli: kazi ni chache, wanaogopa watoto wao watakosa. Hofu hiyo izungumzwe, kwa shefu wa kata, kanisani, hata hapa redioni. Nenda kwake jioni, peke yako au na mama mwingine, na umuulize kwa upole aliona nini mwaka 1992. Ninadhani neno la gari moshi lilimtoka kwa sababu analikumbuka vizuri kuliko wote. Pengine yeye pia alikuwa na nyungu ambayo hakuipeleka siku ya nne.

Umeandika kwamba wazazi wa mtoto bado wako katika chumba kilekile, na kwamba siku ya posho ijayo munakutana kwa ajili ya mfereji. Basi wapitie asubuhi, mwende pamoja. Halafu utuandikie imekwendaje, hata kama imekwenda vibaya.

Juma lijalo, saa ileile, tutasoma barua ya baba mmoja wa Panda juu ya bomba la maji ambalo avenyu mbili zinaligombania. Mwenye redio amwite jirani asiye na redio. Kwaherini.